Dresa Muhidini na Beseni Lake Jeupe

Kama hukuwahi kumwona Muhidini, dresa wa kufunga vidonda na kuchoma sindano, akishuka baiskeli mbele ya zahanati yake, basi maringo hujayaona, umesimuliwa tu. Kwanza alipiga kengele, ingawa njia ilikuwa tupu. Kisha alitoa kitambaa mfukoni, akapangusa tandiko, akapangusa viatu, na mwisho akawatazama wagonjwa waliomngoja tangu alfajiri kana kwamba wao ndio waliochelewa. Kaptula yake ya kaki ilikuwa na pasi ya kukata mboga. Mtoto wa mjini Shinyanga huyo, mama yake alikuwa Mwahija muuza vitumbua, na kwao usafi ulikuwa nusu ya dini na nusu ya biashara.

Zahanati yenyewe ilikuwa chumba cha udongo kilichoezekwa mabati, kando ya njia ya kutoka Kharumwa kwenda kwenye machimbo ya dhahabu. Wachimbaji walimletea vidole vilivyopondwa na mawe, akina mama walimletea watoto wenye buba. Aliwachoma sindano, nao wakampenda, maana miaka ile mtu alijihesabu hajatibiwa mpaka achomwe. Alikuwa na mkono mwepesi. Tusimnyime haki yake: sindano ya Muhidini uliisikia pale alipokuambia "haya, nenda."

Lakini kulikuwa na foleni ya pili. Nyuma ya zahanati palikuwa na ua wa minyaa, na nyuma ya ua walikaa wenye ukoma. Hao hawakuingia. Hakuna aliyewakataza kwa maandishi. Walijua tu, kama mbuzi anavyojua ni shamba gani lina mwenye rungu. Muhidini alipomaliza watu wake aliwaendea na mti mrefu alioupasua ncha, mfano wa ule waliobebea barua za mtemi zamani. Alibana kijikaratasi cha dawa ya kupaka kwenye ule mpasuko, akaupenyeza juu ya minyaa, mgonjwa akachomoa.

"Pokeeni barua zenu kutoka Serikalini!" alitania, na foleni ya mbele ikaangua kicheko.

Alikuwa hodari wa kuchekesha watu, na hapo ndipo alipojiponza.

Siku moja mwaka 1951, mama mmoja aitwaye Bernadina, ambaye wote walimwita Mama Klara kwa jina la binti yake, aliinua mkono wa kulia juu ya ua. Kiganja kilikuwa na lengelenge kubwa limepasuka.

"Dresa, nimeshika chungu cha moto nisijue. Mkono umeungua hivi lakini hauumi. Njoo uutazame, baba."

Muhidini hakusogea. Alisimama na mti wake, akageukia watu, akakonyeza.

"Hauumi? Sasa mayu, mama yangu, usipouma si umshukuru Mungu? Wenzako hapa wanalia!"

Kicheko kilichotoka siku hiyo hakijawahi kutoka tena pale. Mchimbaji mmoja aliyebanwa dole gumba alicheka mpaka akasahau dole lake. Mama Klara alishusha mkono, akachukua barua yake mtini, akaenda zake. Muhidini alirudi ndani akipiga mluzi.

Ikapita miaka mitatu. Mwaka 1954 akapelekewa amri: kila zahanati ya upande ule itoe dresa mmoja akafunzwe kutibu ukoma, miezi miwili, katika kambi moja ng'ambo ya ziwa. Zahanati yake ilikuwa na dresa mmoja tu, kwa hiyo kura haikuwa ngumu. Alijaribu tumbo. Alijaribu mgongo. Alijaribu hata kusema mama yake Mwahija anaumwa, na kumbe Mwahija mwenyewe alikuwa amekuja kumtembelea, anasikiliza mlangoni.

"Panda meli uende," akamwambia, "kabla sijaumwa kweli nikupige."

Akapanda. Kule kambini alitarajia kufundishwa na daktari mzungu. Daktari alikuwepo, ila aliyewashika mkono siku hadi siku alikuwa Theonest, mtu mzima aliyekuwa mgonjwa akapona, akabaki na vidole vinne katika mikono yote miwili. Asubuhi ya kwanza Theonest alipita akiwapa mkono madresa kumi na wawili, mmoja baada ya mwingine, na kila mkono akaung'ang'ania mpaka mwenye nao alipoacha kutetemeka. Kwa Muhidini alikaa sana.

"Hufi, bwana mdogo," alimwambia. "Mimi ndiye ninayeogopa. Mkono wako una jasho kama chura."

Siku hiyo Theonest alimfunga mgonjwa macho kwa kitambaa, akachukua unyoya wa kuku, akawa anamgusa kwenye ngozi. Mgonjwa alionyesha kwa kidole kila alipoguswa. Ulipofika kwenye baka jeupe begani, kidole hakikuinuka. Unyoya ukapita, ukarudi, ukapita tena.

"Hapo," Theonest akasema. "Ganzi ndiyo ugonjwa wenyewe. Mgonjwa akija analia, mwambie angoje kidogo. Akija akakwambia nimeungua lakini hauumi, tupa ulichoshika umkimbilie. Mkono ukiwa bado umenyooka, mpe vidonge hivi, kila wiki, miaka, utabaki kuwa mkono. Ukimchelewesha, dawa itaua ugonjwa, lakini vidole vilivyokunjika havitakunjuka."

Wenzake waliandika. Muhidini alishika penseli asiandike neno. Alisikia kicheko cha mchimbaji mwenye dole gumba, alikisikia wazi kama kimetoka nyuma ya dirisha. Mchana ugali ulimshinda. Baadaye alimfuata Theonest, akamwuliza, kwa sauti ya mtu anayeulizia jirani, dawa ile ilianza lini kutolewa kambini.

"Mwaka hamsini ilikuwepo hapa tayari. Kwa nini?"

"Nilitaka kujua tu."

Theonest alimtazama, asimwulize zaidi. Ingekuwa afadhali angemwuliza.

Basi Muhidini akarudi amebadilika, tena amebadilika kwa fujo, maana mtu wa maringo hata akitubu hutubu kwa maringo. Aliukata ua wa minyaa kwa panga lake mwenyewe, utomvu ukamwingia jichoni akashinda siku mbili anaona mawingu. Akaleta benchi. Akatangaza Alhamisi kuwa siku ya wenye mabaka, mlango wa mbele, kama watu wengine. Akanunua beseni jeupe la bati na sabuni, kwa kuwa kule kambini walifundishwa kunawa baada ya kila mgonjwa, na kama kuna somo lililomkaa Muhidini bila kufundishwa, ni la sabuni.

Alhamisi ya kwanza walikuja wanne. Wa nne alikuwa Mama Klara, na nyuma yake, mbali kidogo, alisimama binti yake Klara wa miaka kumi na sita, amejifunika kaniki hadi shingoni ingawa jua lilikuwa kali.

"Mwangaluka, mayu," Muhidini akamwamkia kwa Kisukuma, akanyoosha mkono.

Mama Klara aliutazama ule mkono kama mtu aliyepewa kitu asichoagiza. Mwishowe akampa wake. Kidole kidogo na cha pete vilikuwa vimejikunja kuelekea kiganjani, havikufunguka. Pale lengelenge lilipopasuka palikuwa na kovu gumu. Muhidini alilipapasa. Akapima kwa unyoya, akaandika, akamaliza kila kitu kama alivyofundishwa. Na kwa kuwa alitaka sana, safari hii, asikosee hata kidogo, aligeuka pale pale mbele yao wote, akajimiminia maji, akanawa mpaka viwikoni, akasuuza, akakung'uta mikono.

Kwenye benchi watu walitazamana.

Wewe msomaji unajua, na yeye alijua pia, kwa maana amezika watu wengi katika nchi ile: watu wakitoka makaburini hawaingii nyumbani mpaka wanawe. Maji yanawekwa mlangoni, kila mmoja ananawa, mauti yanaachwa nje. Ni wakati gani mwingine mtu humshika mwenzake kisha akanawa mbele ya ndugu zake?

Mama Klara alisimama.

"Umeshatuzika, Dresa?"

"Hapana, Mama Klara, hii ni kazi tu, kule tulifundishwa..."

"Zamani ulitutupia kwa mti kama mbwa. Mbwa yu hai. Leo umetushika ili upate cha kunawa." Akamgeukia binti. "Twende."

Alipomvuta, kaniki iliteleza, na Muhidini akaona: juu ya kiwiko cha kushoto cha Klara kulikuwa na baka jeupe, pana kama jani la mharage. Akaona na vidole. Vyote kumi vilikuwa vimenyooka.

Alhamisi ya pili benchi lilikuwa tupu. Muhidini alikaa kulitazama hadi saa sita. Beseni alilihamishia ndani, kazi ambayo ingemchukua dakika moja kuifikiria wiki iliyopita. Halafu akapanda baiskeli, bila kupangusa tandiko.

Mama Klara alikuwa uani anapepeta mtama. Hakumkaribisha. Klara alichungulia mlangoni akajificha.

"Nimemfuata Klara," Muhidini akasema. "Baka lake nimeliona. Mama Klara, mficha maradhi..."

"Usinimalizie." Ungo haukusimama. "Maradhi mimi niliyaleta kwako mchana, mbele ya watu wote hao. Nani aliyeficha?"

Huyu Muhidini aliyekuwa na jibu la kila mtu kuanzia Kharumwa hadi machimboni, alisimama juani kama kigingi.

"Siku ile uliponiambia mkono hauumi," akaanza, "nilipaswa..."

"Nakumbuka siku ile. Wewe umeikumbuka lini?"

"Kule mafunzoni. Kuna mwalimu anaitwa Theonest, alisema vile vile ulivyosema wewe."

"Alaa." Sasa ungo ukasimama. "Kwa hiyo ilibidi upande meli ndipo unisikie."

"Ndiyo."

"Nawe ukacheka?"

"Siku hiyo sikucheka."

Mama Klara akaanza tena kupepeta. "Binti yangu hana kitu. Ni alama ya kuzaliwa. Hatatupiwa kwa mti, wala hatanawiwa. Nenda."

Muhidini alitia mkono mfuko wa shati. Angeweza kutoa maneno ya Serikali, angeweza kumtisha kwa jina la mtemi. Wengine walifanya hivyo, na wagonjwa wao wakahamia porini. Yeye alitoa unyoya.

"Basi nisimguse mimi. Mguse wewe. Afumbe macho, umpitishie hapa na pale, yeye aseme pale anaposikia. Ikiwa ni alama ya kuzaliwa atasikia kama kwingine. Akisikia, naondoka, sirudi."

Aliuweka unyoya ukingoni mwa ungo, akarudi nyuma mpaka kwenye baiskeli yake.

Mama Klara alikaa. Nadhani hata yeye alikuwa amechoka kutojua. Akamwita binti, akamketisha juu ya kinu kilicholazwa, akamwambia afumbe macho. Aliuokota unyoya kwa shida, akaubana kati ya kidole gumba na cha shahada, vile viwili vilivyokuwa bado vinamsikiliza.

Akamgusa shavu. "Hapa," Klara akasema. Shingo. "Hapa." Mkono wa kulia. "Hapa, mama, unanitekenya!" Akacheka.

Unyoya ukaja juu ya kiwiko cha kushoto, ukashuka kwenye baka. Klara alikaa ametulia, tabasamu bado liko mdomoni. Mama yake alipitisha mara ya pili. Akapitisha mara ya tatu, polepole, akikandamiza, mpaka uti wa unyoya ukapinda.

"Mama," Klara akasema, macho yamefumbwa, "mbona huanzi?"

Muhidini aligeuza uso, akashika usukani wa baiskeli kama vile ingeanguka. Alimsikia Mama Klara akivuta pumzi, hakumsikia akilia.

"Fumbua," mama akamwambia binti. Kisha, bila kumtazama dresa: "Una hivyo vidonge?"

"Ninavyo."

"Vitamponya?"

"Akimeza kila wiki asikose, miaka kadhaa. Vidole vyake vitabaki kama vilivyo."

"Na hivi?" Akainua mkono wake wa kulia, juu, kama alivyouinua siku ile nyuma ya ua.

Kulikuwa na njia nyingi za kulijibu swali lile, na Muhidini wa zamani alizijua zote, pamoja na ile ya Mungu akipenda.

"Hapana, Mama Klara. Dawa itazuia vingine. Hivyo viwili havitakunjuka."

"Na ungenitazama mwaka ule?"

"Dawa ilikuwepo kambini. Ningeuliza, ningeambiwa."

Mama Klara akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayepokea salamu za mbali. Muhidini alifungua mdomo.

"Usiniambie pole," akamwahi. "Pole nitaiweka wapi? Andika jina la huyu. Andika na langu. Na beseni lako, ukitaka kunawa, tuwekee maji mlangoni tunawe wote tunapoingia, wewe wa kwanza. Hapo tutakuwa tunakwenda kula, hatutoki kuzika."

Ndivyo ilivyokuwa Alhamisi iliyofuata, na zilizofuata. Watu kumi na mmoja, halafu ishirini na wawili. Madresa wengine walipoanza kuletwa pale kufunzwa, kabla ya Muhidini kuwaonyesha kidonge aliwaketisha kwanza mbele ya Mama Klara, naye akawafundisha kushika unyoya na kushika mtu. Walipomwuliza ilikuwaje vidole vyake viwili, aliwaambia yote, na mti, na kicheko, bila kupunguza wala kuongeza, Muhidini akiwa amekaa pale pale anasikiliza. Wageni walicheka kidogo mwanzoni, mpaka walipouona uso wa Muhidini.

Klara aliolewa Bugarama na vidole kumi. Mama Klara aliendelea kuja, akampa dresa mkono kila Alhamisi, akamwuliza habari za mama yake Mwahija, wakataniana hata. Kusema amemsamehe, hakusema. Muhidini naye hakuwahi kuomba msamaha. Alimwambia mke wake mara moja kwamba kuomba ni kujiingiza mbele ya foleni, na foleni ile ni yeye aliyeianzisha, kule nyuma ya minyaa.