Shahidi wa Kampuni

Khalayi alikuwa akifunga peremende katika kiwanda kimoja mtaani Baba Dogo. Kila Jumapili, akitoka kanisani, aliingia kwa jirani yake Lorraine, mlango wa pili katika ploti yao ya Kariobangi, watazame filamu. Lorraine alipenda za bunduki. Khalayi alitaka za mahakamani, tena zile za polepole, wakili anakoroga chai dakika nzima na shahidi anashikashika kola ya shati.

"Sasa hapa kuna nini?" Lorraine alilalamika. "Hata mtu hajakufa."

"Mwangalie macho. Huyu bado hajaamua kama atadanganya."

Hicho ndicho kilichomvuta: kumwona mtu akigeuka kidogo kidogo, nawe hujui ataangukia upande gani.

Lakini Jumapili moja hakutulia. Alisimama katikati ya filamu, akaosha vikombe visafi, akachungulia nje, akarudi. "Hebu irudishe nyuma kidogo." Mwishowe Lorraine akazima televisheni.

"Una nini, Khalayi?"

Akamwambia. Mwenzake Kasiva alikuwa amekatwa vidole vitatu na mashine. Kinga ya mashine hiyo ilitolewa ili kazi iende haraka, na aliyeitoa ni yeye Khalayi, kwa amri ya fomeni wao, Willis. Baadaye akatia sahihi karatasi kwamba hakuona chochote. Sasa Kasiva ameishtaki kampuni, nayo inamtaka Khalayi awe shahidi wake.

"Utasema nini?"

"Sijui. Nilidhani nikiwatazama hawa wa filamu nitajua."

Kesi iliahirishwa mara mbili. Siku yenyewe, wakili wa Kasiva, mwanamke kijana, hakufoka hata kidogo. Aliuliza zamu ilianza saa ngapi. Akauliza nani alisimama wapi. Khalayi akajibu yote.

"Na kinga, mama, nani aliitoa?"

Khalayi akamtazama Willis, kisha mkono wa Kasiva.

"Ni mimi. Fomeni aliniambia niitoe. Ile karatasi niliitia sahihi nikiogopa kufutwa."

Miezi minne baadaye Kasiva akashinda. Mkataba wa Khalayi ulikuwa umeisha, hakuna aliyeuongeza. Alikuwa akifulia watu nguo katika mtaa uitwao Tena. Huko ndiko Kasiva alikompigia simu.

"Ungesema siku ile ile nilipokatwa."

"Najua."



"Umekula?"

"Bado."

"Pitia kwangu ukimaliza."

Khalayi alisuuza shuka moja mara tatu, ndipo akaenda.