Udongo Niliouvundika kama Ndizi

Mpaka leo nikifunua ndoo ya udongo wa karatasi, pua yangu inatangulia kurudi Kamachumu kabla yangu mimi. Ni harufu ya daftari lililonyeshewa, ya majani ya migomba na ya moshi wa makapi ya kahawa. Hivyo ndivyo banda la shangazi Domitila lilivyonukia, nyuma ya nyumba yake, katikati ya kibanja, shamba letu la migomba. Shangazi alikuwa mfinyanzi, na katika kata yetu nzima ni yeye peke yake aliyetia karatasi kwenye udongo. Tulichana madaftari ya zamani, tukayaloweka, tukayatwanga kwenye kinu mpaka yakawa kama uji, kisha tukayachanganya na udongo wa bondeni. Watu walicheka. Wazee walizoea kusema udongo upate uli maji, lakini shangazi alisema wa kwake una subira: hata kipande kikishakauka kabisa, unaweza kukipaka uji ule na kukiunga na kipande kibichi, na wala hakipasuki. Mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili, nimefunga shule darasa la sita, na niliamini kila alichosema.

Mwaka ule kigango chetu kilihitaji sanamu mpya za pango la Noeli, maana za zamani zilikuwa zimebaki vichwa bila miili. Shangazi aliomba azifinyange yeye. Mwenyekiti wa kigango, Ta Vedasto, yaani Bwana Vedasto, jirani yetu wa mpaka mmoja, hakutaka kusikia. "Domitila, Mtoto Yesu wa madaftari? Akimwagiwa maji ya baraka si atageuka uji?" Yeye alitaka kununua za plastiki mjini Bukoba. Mwishowe alikubali kungoja mpaka Jumamosi ya kabla ya Noeli, azione zikiwa zimechomwa. Usiku na mchana nilimwona shangazi amekaza uso. Alitaka watu waujue udongo wake, na nafasi ilikuwa hiyo moja. Akafinyanga Maria, Yosefu, Mtoto, kondoo wawili, na ng'ombe. Huyo ng'ombe ndiye aliyekuwa roho yake. Alimfanya wa kwetu, mwenye nundu na macho ya upole, akabakiza pembe tu, zile ndefu za ng'ombe wetu, ambazo zingemlemea angali mbichi. Zilipaswa kuungwa mwili ukishakauka.

Hapo akaitwa Muleba, mdogo wake amejifungua. Aliniachia ndoo ya mabaki, ndiyo udongo wa pembe. "Koku, haya mabaki yatandaze juu ya gunia, membamba kama chapati. Yakikauka yatie kwenye mfuko, uutundike darini. Nikirudi tutayaloweka upya. Akiba haiozi, mwanangu." Nikaitika. Lakini jua lilikuwa wapi? Mvua ilinyesha asubuhi, ikapumzika kidogo kama mtu anayemeza mate, ikaendelea. Siku mbili nilianika, siku mbili nikaanua vilevile. Siku ya tatu nikapata akili, au niliyodhani ni akili. Nilikuwa nimemsikia shangazi akisema udongo ukikaa sana ndivyo unavyolainika. Na Ta Vedasto alikuwa ameshavundika ndizi za rubisi, pombe yetu ya ndizi, kwenye shimo lake, zimefunikwa kwa majani, kuna joto zuri humo chini. Nikawaza, kama ndizi chungu inaingia humo ikatoka tamu, udongo je? Nikaufunga kwenye majani ya mgomba kama mtu anayefunga chakula cha safari, nikaupenyeza pembeni mwa shimo. Nililala nikiwa na furaha kabisa, najiona fundi.

Shangazi alirudi baada ya siku sita. Hata hajaweka mzigo chini, tukasikia kelele ng'ambo ya mpaka. "Domitila! Njoo! Kuna kitu kimefia kwenye ndizi zangu!" Ta Vedasto alikuwa amesimama mdomoni mwa shimo, ameshika pua, na mbele yake furushi langu limefunguka. Udongo ulikuwa mweusi kama lami, unateleza, unanuka yai viza. Sikuweza kudanganya. Nilisema kila kitu nikiwa natazama vidole vya miguu yangu. Shangazi aliniangalia, akaliangalia furushi, akaanza kucheka mpaka akashika kiuno. "Bojo, jamani Koku! Umetupikia rubisi ya udongo!" Ta Vedasto hakucheka. "Basi hiyo rubisi mnywe wenyewe. Ng'ombe hana pembe, Jumamosi ni keshokutwa. Mimi nakwenda mjini." Kicheko cha shangazi kikakatika. Usoni mwake niliona kitu ambacho sikupenda kukiona tena: mtu anayekunja ndoto yake kama khanga.

Bondeni hakukuwa na kwenda, maji yalikuwa yamelifunika lote. Tulibaki na ule uozo tu. Shangazi akakunja mikono ya gauni, akajaribu kufinyanga pembe, ikalegea, ikaanguka. Ya pili ikakatika. Akanusa vidole, akasema taratibu kwamba udongo haujafa, kilichooza ni karatasi, na kwa kuwa karatasi ndiyo mifupa yake, tukiupa karatasi mpya utasimama. Lakini madaftari yote ya nyumba tulikuwa tumeshayatwanga. Yote isipokuwa moja. Nilikimbia nyumbani, nikalitoa chini ya godoro. Lilikuwa daftari langu la insha, na ndani yake ile iliyoitwa "Nikiwa Mkubwa," niliyoandika kwamba nitakuwa mwalimu, nitavaa viatu vinavyolia ko, ko, ko. Mwalimu wangu aliandika chini kwa wino mwekundu, "Vizuri sana." Sikuwahi kuandikiwa hivyo kabla. Shangazi aliisoma yote akiwa amesimama. "Una hakika?" Nililichana mwenyewe.

Ule uji wa karatasi ulitoka na wekundu kidogo, kwa sababu ya wino. Tulitwanga, tukakanda huku tumefunga pua kwa vitambaa, na jioni pembe zilikuwa kichwani mwa ng'ombe, zimesimama. Usiku kucha na kesho yake zilikaukia juu ya jiko. Jumamosi alfajiri tulichoma kwa makapi ya kahawa na majani makavu, na moto ukala harufu yote. Ta Vedasto alipita amevaa koti la safari. Aliinama, akanusa, akagonga pembe moja kwa ukucha. Ikalia, ngi! Akagonga nyingine. Ngi! Akavua koti. "Mjini siendi. Nipeni huyo ng'ombe nimbebe mimi, msije mkamvundika njiani."

Sikuwa mwalimu. Nilimaliza darasa la saba, ikawa basi. Leo nina banda langu la kupanga Kitendaguro, mjini Bukoba, na mabaki yangu hayalali ndooni hata wiki moja: nayatandaza membamba kama chapati, kukiwa hakuna jua nayakausha juu ya jiko, kisha nayatundika darini ndani ya gunia la kahawa. Nikitaka kazi, nayaloweka na yanaamka. Mfinyanzi hulia gaeni, ndiyo, hata viatu vinavyolia ko, ko, ko sijanunua bado, ila nitanunua. Noeli iliyopita nilipanda Kamachumu. Mikono ya shangazi inatetemeka siku hizi, kwa hiyo nilimpangia pango mimi. Ta Vedasto, mzee sasa, alimnusa ng'ombe kwanza kama afanyavyo kila mwaka, akasema bado ananuka rubisi. Nami nikamwinua kwa pembe, bila woga. Ni nyepesi mno zile pembe. Karatasi iliungua, ikaacha vitundu visivyoonekana, na pale palipokuwa na maneno yangu pamebaki hewa. Nikamweka karibu na Mtoto, nikafuta vumbi, nikarudi mjini kuloweka udongo.