Gia Zilizomgomea Baba

Kila baba alipotaka kutoka, mimi nilikuwa jikoni, mwiko mkononi, na kelele ikinifikia huko huko. Grrrrr! Kimya kidogo. Kisha grrrrr nyingine, ndefu kuliko ya kwanza, mpaka jirani anachungulia. Kelele ya gia mimi siiwezi. Nina duka la spea pale Ukunda, na meno ya gia yakisagana namna ile nahisi ni meno yangu mwenyewe.

Gari lenyewe ni la michezo, la zamani, la viti viwili tu, jekundu ambalo jua la Msambweni limelipausha. Liko chini kiasi kwamba ukikaa ndani na mbuzi akipita, mnatazamana machoni. Baba alikuwa dereva wa hoteli Diani maisha yake yote ya kazi, na mwenye hoteli alipoamua kurudi kwao kabisa alimwachia, maana hakuna mwingine aliyelitaka. Halibebi mizigo, na mvua ikinyesha hujui kama uko ndani au nje. Siku alipolileta nyumbani mama aliuliza, "Sasa hawa watoto tutawaweka wapi?" Tuliwekwa nyumbani, tena hivyo hivyo mpaka tukakua.

Gari lile lilikuwa lao wawili. Walikuwa wakienda Mwabungo kununua samaki, ingawa samaki Msambweni wapo, tena wa kumwaga. Lakini wale wa Mwabungo, mama alisema, wana ladha ya kuendewa. Wakirudi utawasikia wakibishana tangu barabarani, kuhusu samaki yupi bora, changu au tafi, kuhusu nani alipitwa na kona. Walifurahiana sana wazazi wangu, na sisi watoto tuliona wivu, nasema kweli.

Mama alifariki masika yaliyopita. Tangu msiba mimi nimehamia kwa baba. Mume wangu yuko Samburu na malori yake, huja akija. Baba aliacha kila kitu. Alikuwa akienda kuswali na kurudi, basi. Barazani haketi, kwenye harusi haendi, ukimpikia anakula ili usimseme. Kitu kimoja tu kilikuwa bado kinamtoa ndani, nacho ni safari ya Mwabungo. Siku ya samaki alikuwa akinyoa ndevu. Na gari likachagua wakati huo huo kugoma.

Kaka yangu mkubwa yuko Mombasa, na ni mtu wa kutoa amri kwa simu. Alikuja siku moja, akasikia ile grrrrr kwa masikio yake, akanivuta pembeni.

"Goti la baba limekwisha," akasema. "Unajua lilivyo lile la kushoto. Klachi hawezi tena kuikanyaga mpaka mwisho. Ataua mtu, au atajiua mwenyewe. Nikirudi Jumapili nachukua ufunguo."

"Alaa! Ufunguo wa nani?"

"Wa baba."

"Baba yako peke yako?"

Akaondoka bila kunijibu, na hilo ndilo linalonichemsha kuliko matusi. Lakini hofu ilinishika. Goti la baba kweli lina mambo yake, hasa baridi ya Julai ikiingia. Nami nilijua ufunguo ule ukipanda gari kwenda Mombasa, baba naye tutakuwa tumempoteza, hata kama bado tunamwona kitini. Basi nikaapa kwamba gari lile litakutwa na ugonjwa, litake lisitake.

Nikaanza kama ninavyowaambia wateja wangu kila siku. Zima injini, kanyaga klachi, zungusha gia zote. Zikaingia vizuri, moja baada ya nyingine. Washa injini, mpe baba: grrrrr. Haya basi, kama gia zinaingia injini imezimwa na zinagoma injini ikiwaka, usianze kufungua giaboksi ya watu. Klachi haiachii yote. Injini bado inaizungusha gia wakati wewe unataka kuiingiza, lazima zikwaruzane. Mpaka hapo nilijiona daktari.

Nikatazama mafuta ya klachi, yalikuwa yamepungua. Nikayajaza. Nikatoa hewa kwenye paipu yake. Nikabadilisha bushi, vile vipira vya kwenye fimbo ya gia, zilikuwa zimelika, na kuzipata mpya ilibidi nisumbue nusu ya Mombasa. Nikamleta na fundi, mtu wa bara aliyehamia Ukunda, hodari lakini mdomo wake hauna breki. Akalala chini ya gari muda mrefu akipiga mluzi.

"Madam, hii kitu iko fiti," akasema akitoka. "Hebu endesha wewe."

Nikavua viatu, maana gari la baba halipandwi na viatu. Tangu zamani ni hivyo. Zulia limo ndani, na baba anasema ndani ni ndani. Baba akabaki amesimama uani, amekunja mikono. Kupanda na mimi alikataa. Kile kiti cha abiria tangu mama afe hakijakaliwa na mtu, na hakuna aliyethubutu kuuliza. Nikakanyaga klachi, nikatia ya kwanza. Ikaingia kama kisu kwenye papai lililoiva. Ya pili, ya tatu, ya nne, rivasi. Nikazunguka mpaka barabara kuu na kurudi, na hakuna jino lililolia.

Akapanda baba. Grrrrr.

Fundi akajifuta mikono. "Si gari, madam. Ni dereva."

Nilimtukana yule mtu wa watu, Mungu anisamehe, kisha nikampa chai. Alikuwa hajasema uongo. Nilikuwa nimelitibu gari kila pahali, na kila nilipolitibu ndivyo nilivyozidi kumwonyesha baba kuwa yeye ndiye mgonjwa. Siku zile baba alipoketi nilikuwa naliangalia goti lake badala ya uso. Yeye akaona. Akavuta kikoi chake akalifunika.

Jumapili ikafika, na kaka akafika nayo, shati jeupe limepigwa pasi mpaka linakata. Nikamwamkia kwa sababu ya adabu tu. Baba alikuwa amenyoa. Alitoka ndani bila kumtazama mtu, akaingia garini, akafunga mlango, akawasha. Mimi nikawa naomba dua zote ninazozijua na nyingine nikazitunga.

Grrrrr.

Kaka akasogea dirishani, akanyoosha mkono. "Baba, tafadhali. Nipe."

Baba akautazama ule mkono. Sijawahi kumwona baba yangu akiwa mdogo, lakini siku ile alikuwa mdogo mle ndani, kama mgeni wa gari lake mwenyewe. Akazima injini. Nikaona vidole vyake vinauzungusha ufunguo kuutoa.

"Ngoja!" nikapiga kelele. "Sijamaliza kupima!"

"Umepima wiki nzima," kaka akasema.

"Nimepima nikiendesha mimi. Sijakaa kando yake nikaona pedali inavyokwenda. Baba, nataka kukaa pale."

"Pale hapakaliwi," baba akasema, taratibu.

"Basi, ufunguo," kaka akasema.

Hapo nikawaka. Nilitumia sauti ile ya dukani, ya kuwajibu wanaotaka kurudisha spea waliyoiunguza wenyewe. "Baba, mama amekufa! Amekufa, kiti hakina mtu! Ukiendelea kukiwekea ngome, huyu ataondoka na kiti na gari, na wewe utabaki na nini?"

Kaka mwenyewe akarudi nyuma. Nikatamani ardhi inimeze, lakini maneno yalikuwa yameshatoka.

Baba akavaa viatu vyake, akatoka garini. Akazunguka mpaka upande wa pili, akatoa leso yake, akakipangusa kile kiti polepole, mgongo wake na makalio yake, hata pale pasipokuwa na vumbi. Akanifungulia mlango.

"Ingia. Viatu vua."

Nikaingia. Naye akarudi upande wake, akakaa kwa ubavu miguu ikiwa nje, akavua makubadhi yake, yale ya ngozi yenye soli nene, akayagonganisha kutoa mchanga. Kisha, bila kunitazama, akanyoosha mkono wa kushoto na kunipa. Alinipa kama mtu anavyompa mwenzake kitu kila siku ya Mungu. Nikayapokea, nikayaweka miguuni pangu. Akawasha, akakanyaga, akatia ya kwanza.

Haikulia.

Akatia rivasi. Haikulia. Kaka uani akainua kichwa. Tukatoka mpaka barabara kuu, ya pili, ya tatu, ya nne, na baba akaanza kutabasamu, tabasamu lililokuwa limepotea tangu masika.

"Limepona," akasema.

"Limeponaje, baba, na hakuna aliyeligusa?"

Magari hayajiponyi. Yangekuwa yanajiponya, mimi ningekufa njaa. Tuliporudi uani nikashuka, nikamrudishia makubadhi yake dirishani, nikamwambia, "Hebu tia gia tena, peke yako." Akayapokea, akainama kidogo, akawasha.

Grrrrr!

Sikungoja. Nikaingiza kichwa dirishani mpaka kiunoni, kaka anashangaa miguu tu iko nje. Makubadhi yalikuwa yamesukumwa mbele, yamelala chini ya pedali ya klachi, moja juu ya jingine. Pedali ikishuka, inagota kwenye soli kabla ya kufika mwisho. Nikachomoa la juu, na alama ya pedali iko pale, imechorwa kwenye ngozi.

"Baba! Haya yanafanya nini hapa?"

"Nayaweka wapi? Nikifika Mwabungo nishuke peku kwenye magamba ya samaki?"

"Na breki je? Yakiteleza chini ya breki?"

"Upande wa breki siweki. Mimi ni dereva."

"Lakini kwa nini chini ya miguu yako? Si ungeyaweka upande ule wa pili, ulio mtupu?"

Baba akanitazama kama nimemwambia avae viatu msikitini.

"Niweke viatu pa mama yako?"

Nikalitazama lile kubadhi mkononi mwangu. Miaka yote mama ndiye aliyekuwa akiyapokea, kisha akawa hayupo, na mkono wa baba ukawa hauna pa kuyapeleka. Baba hakuona kuwa amebadilisha kitu chochote. Alijua tu kwamba gia zimeanza kumgomea, na moyoni alikuwa ameshakubali kuwa ni uzee. Aliniambia hivyo baadaye.

Kaka akaja, akalichukua lile kubadhi mkononi mwangu, akaligeuza, akaipapasa ile alama.

"Kwa hiyo mguu?" akauliza.

"Mguu hauna neno," nikamwambia. Nilikuwa nimejiandaa kumshambulia mpaka jioni, nina orodha yangu kichwani, lakini yeye akachuchumaa pale pale kando ya mlango, suruali safi kwenye mchanga, akainamisha kichwa.

"Nilidhani tutakuzika na wewe, baba," akasema. "Kila simu ikilia nadhani ni habari yako. Nilikuwa naogopa."

Huyo ndiye kaka aliyesimamia mazishi ya mama tangu sanda mpaka sufuria za pilau, na sikumwona akitoa hata chozi. Nilimwita jiwe siku ile, mbele ya shangazi zetu.

Baba akamwekea mkono kichwani, kidogo tu, kisha akautoa. "Panda," akasema.

"Mimi?"

"Samaki wataisha."

Kaka ni mrefu. Alivyojikunja kuingia mle, magoti yalimfika kidevuni, nami ningecheka kama ningekuwa na nafasi ya kucheka. Baba akayakusanya makubadhi yote mawili, akayakung'uta, akanyoosha mkono wa kushoto. Kaka akayapokea kwa mikono miwili, akayapakata juu ya mapaja, hata shati halikumshughulisha.

"Mama alikuwa akiyashika hivi?" akauliza.

"Hivyo wapi!" baba akasema akikanyaga klachi. "Alikuwa akiyatupa hapo chini na kunisema mpaka Mwabungo."

Kaka akacheka, kisha kicheko kikamgeuka, akaficha uso. Baba hakumwangalia, alimwachia nafasi yake, akatazama nyuma, akatoa gari uani. Nami nikabaki nimesimama nikizisikiliza gia zikiingia, ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka nikashindwa kuzisikia kwa sababu ya kilio changu mwenyewe.