Swali la Chooni Nililoliruka

Kazi yangu ilikuwa kupima nyumba za wazee. Halmashauri ya mtaa ilinipa futi ya chuma na rundo la fomu, nami nikazunguka magharibi ya London nikipima kimo cha vitanda, upana wa milango, na urefu wa kutoka sakafuni hadi nyuma ya goti la mtu aliyekaa. Kutokana na namba hizo mzee huletewa vyuma vya kushikia ukutani, kiti cha kuogea, au kile kiti cha plastiki kinachobanwa juu ya choo ili asiiname sana. Kazi niliijua. Nasema hivyo mapema kwa sababu sitaki mtu anionee huruma akidhani nilikuwa mgeni wa mambo.

Siku moja nilitumwa Hounslow, kwa bibi mmoja aliyekwisha kuanguka mara mbili. Fomu ilisema anazungumza Kiswahili, na mimi ni mzaliwa wa Unguja, basi bosi wangu akaona kapata dawa. Binti yake bibi, aliyekuwa akifanya kazi uwanja wa ndege, alinipokea mlangoni na sare yake.

"Kaka," alininong'oneza, "akianguka tena hospitali hawatomruhusu kurudi hapa. They told me straight. Atapelekwa nursing home, na mie siwezi kuacha kazi. Please, pima vizuri."

Nikamwahidi.

Bibi alikuwa amekaa sebuleni, kajitanda kanga. Nilimwamkia, akaitikia, akanitazama usoni kwa muda.

"Wewe wa nani?"

Nilimtajia baba yangu, hakumjua. Nikamtajia bibi yangu mzaa baba, na mtaa wetu wa Vikokotoni. Akapiga kofi. Kumbe nyumba zao zilitazamana, na yeye na bibi yangu walikuwa wakisukana nywele barazani, mpaka Mapinduzi yakaja yakawatawanya. Huyu akaishia Dubai, kisha London. Yule akabaki, akafia kwao. Alilia kidogo, akafuta machozi kwa ncha ya kanga, akamwamrisha binti yake alete chai na mkate wa kumimina. Nilifurahi kama mtoto, na kusema kweli hapo ndipo kazi ilipoharibika.

Kitanda nilikipima, ngazi nikazipima, kisha tukaingia chooni. Kwenye ukingo wa bafu palikuwa na kopo la plastiki lenye mdomo mrefu, lile ambalo Waingereza hulinunua kumwagilia maua. Nilijua la nini, maana hata kwetu lilikuwepo, la kijani. Sasa, vile viti vya kuongeza kimo cha choo viko vya namna mbili: kimoja ni mviringo mzima, kingine kimekatwa mbele ili mkono wenye kopo la maji upite. Na fomu ina swali lake, limeandikwa waziwazi: mhusika anajisafishaje baada ya haja? Swali hilo nilishawauliza walimu wakuu wastaafu na mabibi wa Kiingereza wenye lulu shingoni, bila kupepesa macho, nao wakanijibu huku wakinywa chai.

Bibi alisimama nyuma yangu, kashika fremu yake ya kutembelea. Nikafungua mdomo, nikaufunga. Mtu aliyekuwa akimsuka nywele bibi yangu nitamuulizaje anavyochamba? Yeye naye alikuwa akiangalia ukuta. Niliandika "hana tatizo", nikaagiza kile cha mviringo. Cha kukatwa kilitaka maelezo ya ziada, na maelezo sikuwa nayo.

Wiki ya tatu tangu kiti kiletwe, binti yake alipiga simu ofisini.

"Alikuwa anakitoa! Kila akenda chooni anakitoa, anakitia ndani ya bafu, halafu anakirudisha mie nisijue. Leo kainama kukiokota, kaanguka. Nyonga imevunjika, kaka. You measured everything!"

Akakata. Nilibaki na simu mkononi, nimejaa aibu, na nikamchukia yule kijana mwenye adabu niliyekuwa siku ile.

Bibi hakurudi tena Hounslow. Siku yangu ya mapumziko nilikwenda kumwona kwenye nyumba ya wazee walikompeleka. Ndani mlikuwa mkinuka dawa ya sakafu. Vyuma vyote vilikuwa mahali pake kwa vipimo sahihi. Hata siku kama ile macho yangu yaliviangalia kwanza. Alikuwa kitandani, amekonda, akanikaribisha kana kwamba ni kwake. Nilimwomba radhi, nikamweleza habari ya vile viti viwili, nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Na wewe mbona hukuniuliza?"

Nikayarudisha macho kwenye vile vyuma.

Akashusha sauti, ingawa humo ndani hapakuwa na mwengine wa kuelewa Kiswahili. "Hapa wananifuta kwa karatasi, mwanangu. Wasichana wazuri, wanacheka na mie. Kusali nasali, lakini moyo hautui, naona sina twahara."

Kisha akanishika mkono kunituliza, na hilo liliniuma kuliko kama angenitukana.

"Angekuja Mzungu, ningemwambia," alisema. "Lakini wewe mjukuu wa shoga yangu, ningeanzia wapi?"