Siku Niliyompeleka Hakimu Kortini

Chekeni tu, lakini mnibakizie heshima kidogo, maana aibu ninayowasimulia hapa ikinijia nikiwa peke yangu jikoni kwangu Saltley, hapa Birmingham, mpaka leo natamani niingie kwenye friji nijifungie.

Rukia mnamjua, yule nesi wa Perry Barr niliyetaka kumwoa (na bado nataka). Baba yake alishafariki, kwa hiyo wa kumwozesha ni ami yake, Mzee Kombo, hakimu mstaafu wa kutoka Tanga, na mzee huyo alipokuja Birmingham kumtembelea, kila mtu alijua amekuja kunikagua mimi. Akikubali, ndoa, akikataa, basi tena. Rukia akanionya jambo moja tu: "Ami anapenda majengo ya korti. Usijifanye unajua." Sasa kuniambia mimi nisijifanye najua ni sawa na kumwambia kuku asichakure.

Tukaanza na lile jengo jekundu la mahakama pale mjini kati, la udongo wa kuchoma, lililojaa majani na masanamu ya kuchonga toka chini mpaka juu ya paa. Watalii hulipiga picha mpaka simu zinaisha chaji. Mzee Kombo alisimama mikono nyuma, akalitazama kama anamtazama shahidi anayesema uongo.

"Nakshi zote hizi za nini? Mshitakiwa anakuja kuhukumiwa au anakuja kuoa?"

Akanieleza kwamba yeye amehukumu Muheza, Korogwe na Lushoto, ndani ya maboma ya Wajerumani na vyumba vya bati vya Waingereza, na korti bila baraza si korti, kwa sababu watu wanaosubiri haki yao wanahitaji kivuli. "Kule kwetu Waingereza walijenga mabaraza, huku kwao wameshindwa? Hakuna nyingine?"

Hapo ndipo ningesema sijui, tukale chipsi, turudi nyumbani salama. Lakini niliwahi kupeleka vifurushi Sutton Coldfield, pembezoni mwa mji, na nikakumbuka jengo moja la matofali lenye nguzo nyeupe na baraza refu, na kibao chake mlangoni kinaishia na neno "Court". (Ndani sijawahi kuingia. Vifurushi naacha mlangoni nakimbia.) "Ipo, ami," nikasema, "korti kongwe kabisa, ya tangu Sutton haijamezwa na Birmingham," na kwenye treni nikaendelea kutia chumvi, nikampa mpaka habari za jaji wa kwanza na ukali wake, jaji niliyemzaa mimi mwenyewe kati ya kituo na kituo.

Mzee alipoliona lile baraza akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu atue Uingereza. "Ah! Hii sasa imejengwa na mtu aliyewahi kushitakiwa."

Mlangoni akainamisha kichwa, kama wanavyofanya kortini kumpa hakimu heshima, na mimi mjinga nikainama kumshinda. Ndani walikaa wazee wa Kizungu kimya kabisa, kila mmoja na karatasi yake, na mbele kuna bwana mmoja na kipaza sauti anasoma namba.

"Mapazia ya maua?" mzee akaninong'oneza.

"Siku hizi wanawajali sana washitakiwa, ami."

"Mbona wote wazee?"

"Kesi za hapa huchelewa."

Yule bwana wa mbele akatangaza, kwa Kiingereza chao cha Birmingham, "Bata wawili wadogo, ishirini na mbili!" na mzee, anayekijua Kiingereza kuliko mimi, akanigeukia polepole. "Bata?"

"Wizi wa mifugo," nikajibu. Wallahi nilijibu hivyo.

Bibi mmoja akamsogezea kiti, karatasi na kalamu, mzee akapokea kwa adabu (nilimwambia ndiyo namba ya kusubiria zamu), na yule bibi akawa anamwonyesha pa kupiga alama, naye anapiga. Mara bibi mwingine kule nyuma akapiga ukelele, ukumbi mzima ukashangilia. "Ameachiwa huru," nikafafanua.

Ndipo akatokea dada mmoja Mkenya, mhudumu wa pale, kasikia Kiswahili, uso wote furaha. "Karibuni sana! Huyu mzee ndiye anakuja kukaa na sisi? Room iko, hata inaangalia garden. Na ameshaanza bingo tayari!"

Nyumba ya kulelea wazee, jamani; kumbe Waingereza hata makazi ya watu huyaita "Court", na wale bata ni jina la utani la ishirini na mbili kwenye bingo, kamari yao ya namba. Na Mzee Kombo, aliyefunga watu Muheza kwa kucheza kamari, ana kamari mkononi na kalamu juu yake. Akaiweka mezani taratibu, akavua miwani.

"Bwana mdogo, mwanangu hujamwoa, umeshanitafutia pa kunitupa?"

Nikaanza kujitetea, dada wa Kenya naye akataka kunisaidia, akazidi kuharibu: "Aki si kutupa, mzee, hata tunawaoshaga vizuri."

Akatoka, nami nyuma yake mpaka kituoni. Pale akauliza treni ya kurudi mjini inapita upande gani, na mimi, badala ya kusoma kibao, nikasema bila kupepesa macho, "Huu huu, ami." Tukaenda mpaka Lichfield, mwisho wa reli, upande wa pili kabisa.

Huko Lichfield, tumekaa kwenye benchi la baridi, akatoa hukumu. "Kamari nimekusamehe, hukujua. Nyumba ya wazee nimekusamehe, hukujua. Lakini siku mtoto wa marehemu ndugu yangu akiugua, utampa dawa gani wewe unayejua kila kitu? Posa nimeiahirisha."

"Mpaka lini, ami?"

"Mpaka nisikie umesema hujui."

Akarudi Tanga, na mimi nikaapa. Siku hizi mtu akiniuliza njia nasema sijui, hata akiulizia mtaa ninaokaa, ila ami huko Tanga bado hajanisikia. Juzi Rukia kanipigia katoka zamu ya usiku, kachoka, ananiuliza sasa tutaoana lini. Nikafungua mdomo nimtajie mwezi, nikajizuia. Nikamwambia sijui, na ilikuwa kweli, na akakata simu.