Fyuzi Yenye T

Shangazi yangu, dada mdogo wa baba, anakodisha muziki wa sherehe pale Mwanga. Ana spika mbili, maiki, mikisa, na amplifaya moja nzito kama gunia la mahindi. Hiyo amplifaya ndiyo biashara yenyewe. Ikiungua, hana nyingine wala uwezo wa kununua nyingine. Mimi ndiye mbebaji wake, na kwa hasira zangu nimeshagombana na nusu ya wenye harusi wa Kigoma.

Asubuhi ya harusi moja ya Simbo tuliiwasha kuijaribu, ikakaa kimya. Hata taa yake haikuwaka. Shangazi akachomoa plagi, akafungua kifuniko kidogo kule nyuma umeme unapoingilia, akatoa fyuzi na kuiinua kwenye mwanga wa dirisha. Uzi wa ndani ulikuwa umekatika, ila kioo kilikuwa safi.

"Kingekuwa cheusi ningelia," akasema. "Ingekuwa shoti. Hii imezeeka tu."

Mtaani kwetu ugonjwa huo una dawa yake: karatasi ing'aayo ya pakiti ya sigara. Unaizungushia fyuzi iliyokufa, muziki unalia. Mimi ni mtu wa bora liende, nikaokota pakiti barazani. Shangazi akanikata jicho.

"Fyuzi kazi yake kufa ili mashine ipone. Sasa wewe unaniletea kitu kisichokufa?"

Nikaibeba amplifaya hadi dukani. Tukanunua fyuzi ya ampea tano, sawa na ile ya zamani. Tulipowasha tu, ikakatika. Muuza duka hakuona tabu, akatoa ya ampea kumi. "Chukua hii, mama. Hii haikatiki ng'o."

Hapo ndipo nilipomvulia kofia shangazi yangu. Mtu yeyote angeichukua, harusi ilikuwa inatusubiri. Yeye aliketi juu ya kreti la soda akazilinganisha zile fyuzi mbili zilizokufa, akisoma maandishi ya kwenye vichwa vyake vya chuma. Namba ilikuwa moja. Lakini ya zamani ilianza na T, mpya ilianza na F. Tukatazama nyuma ya amplifaya: T, halafu tano.

"Namba ni sahihi, aina ndiyo siyo," akasema. "Mashine hii ikiamka inavuta umeme mwingi kwa mara moja, halafu inatulia. Inataka fyuzi yenye subira, ndiyo hiyo T; yenye F hukatika papo hapo."

"Mchagua jembe si mkulima, mama," muuza duka akamtania.

"Jembe likivunjika naazima kwa jirani. Hii nitaazima kwa nani?"

Tukazunguka maduka ya Mwanga, mimi na mzigo wangu begani, nikinung'unika njia nzima. Mwishowe tukazipata kwa fundi redio karibu na soko, zenye T, ampea tano. Akanunua mbili. Nikamwuliza, kwa sauti isiyo na adabu sana, mbili za nini. Akazifunga kwenye pindo la kanga, akatangulia njia.

Kule Simbo muziki ulikolea mpaka mjomba wa bibi harusi, mwenye mwili wake, akaingia uwanjani. Alicheza vizuri, Mungu ananiona, lakini alicheza juu ya nyaya. Waya wa spika ukachomoka, ncha zake zikagusana, muziki ukakatika. Watu wakapiga miluzi. Mimi nikasimama kumtafuta mjomba.

Shangazi alikuwa ameshachomoa plagi na kuingia chini ya meza na tochi mdomoni. Fyuzi aliyoitoa ilikuwa na kioo cheusi tii. Hakulia. Alifuata waya kwa vidole hadi akazikuta zile ncha, akazitenganisha, akazifunga upya kila moja mahali pake, akazikagua tena. Ndipo akaweka fyuzi ya pili na kuwasha.

Muziki ukarudi. Watu wakamshangilia mjomba, eti kwa kurudi uwanjani! Nilitamani kumbeba shangazi juu juu mbele yao wote, nilivyomwonea fahari.

Akanitilia ile fyuzi nyeusi kiganjani.

"Uliniuliza mbili za nini," akasema.