Mikono Iliyoshika Bendera

Shangazi yangu alikuwa mtunza bendera katika ofisi ya itifaki, ile inayopokea marais na mawaziri wa nje. Mimi nilidhani bendera zinajitundika zenyewe, mpaka siku aliponionyesha chumba chake. Kilikuwa chini ya ngazi, hakina dirisha, na makabati yake yalijaa bendera hamsini na nne zilizokunjwa. Kila akipiga pasi moja, aliiombea nchi ile kwa sauti ya chini: wapate mvua, vita viishe, wakubwa wao wawe na huruma.

"Wanajua kwamba unawaombea?" nilimuuliza.

"Watajuaje? Hata wa hapa juu hawajui."

Mumewe alifariki kabla sijazaliwa, na hawakujaaliwa mtoto. Nyumbani kwake kuna kiti kimoja na redio anayobishana nayo. Mama hupenda kumtania: "Wifi, wewe una watoto hamsini na wanne, na hakuna hata mmoja wa kukuchotea maji!" Shangazi hucheka, halafu anaaga mapema.

Mwaka jana ulifanyika mkutano wa wakuu wa nchi. Wiki mbili kabla, nchi moja ndogo ilipigwa na mafuriko hadi mji wake mkuu ukazama. Asubuhi ya mkutano, mkuu wa itifaki aliingia ukumbini na karatasi yake.

"Mama, hawa watoe. Tumewaandikia barua tatu, kimya."

"Posta yao iko chini ya maji, mzee. Watajibu na nini?"

"Kiti kitupu kinaharibu picha. Toa kiti, toa bendera, sogeza wengine."

"Lakini mzee, mwenyekiti anaita wasemaji kwa kufuata bendera. Wakitokea, nani atawaona?"

"Hawatatokea."

Shangazi alikuwa amebakiza miaka miwili kustaafu. Akatii. Alikuwa na kamba yenye mafundo ya kupimia nafasi kati ya mlingoti na mlingoti. Akapima upya, akasogeza, pengo likazibika kama vile nchi ile haijawahi kuwepo. Mlingoti wake ukapelekwa stoo, stoo ikafungwa. Lakini bendera hakuirudisha kabatini. Aliikunja akaitia kwenye mkoba wake, maana, aliniambia, hakupenda ikalale peke yake mle gizani.

Zikiwa zimebaki dakika kumi, akatokea binti mmoja mlangoni, viatu vimelowa, faili kifuani. Alikuwa karani wa ubalozi wa nchi ile ulio nchi jirani, amesafiri usiku kucha kwenye mvua. Balozi alikuwa amekwenda kuwatafuta watu wake kwenye maji, akamwachia ujumbe ausome. Akazitazama bendera, akarudia tena kuzitazama.

"Samahani mama, sisi tuko wapi?"

Shangazi akamwambia angoje hapo hapo. Alitoka mbio kwenye korido akanyakua kiti cha askari.

"Na mimi nikae wapi?" askari akalalamika.

"Simama, baba. Nani aliona mlinzi wa kukaa?"

Akakibana kiti mwishoni mwa safu. Mtu wa stoo na ufunguo wake hawakuonekana. Basi akaitoa bendera mkobani, akasimama nyuma ya binti, akaishika kwa mikono miwili, juu. Mkuu wa itifaki akamkonyeza, akamkodolea macho, mwisho akapita karibu akanong'ona, "Utanijua." Shangazi hakushusha mikono.

Mimi na mama tulikuwa tunatazama kwenye televisheni. Rais wetu alihutubia kwa nusu saa kwamba mataifa yote ni ndugu na uongozi ni amana kutoka kwa Mungu. Kamera ikapita kwenye bendera, na mwishoni kabisa nikaona kitambaa na vidole.

"Mama! Pete ya shangazi ile!"

"Acha wazimu wako," mama akasema, lakini akasogea karibu na kioo.

Saa mbili na nusu baadaye, mwenyekiti alifika mwisho wa safu, akaiona bendera, akaita nchi ile. Binti akasoma: mahema, dawa, boti. Dakika tatu tu. Wakubwa wakapiga makofi wakaenda kula.

Hakuna aliyemfuata shangazi kumshukuru. Binti mwenyewe alikimbilia simu. Siku ya tatu ikaja barua ya kumtaka ajieleze. Alijibu kwa mstari mmoja: "Mgeni alikuwa hana mahali." Wakamhamishia masjala, akapange mafaili, na ufunguo wa chumba chini ya ngazi akapewa mwingine.

Nilikwenda kumtembelea Jumamosi. Mabega bado yalikuwa yanamuuma. Nikamuuliza kile kilichokuwa kinanikereketa tangu siku ile: je, mahema yalifika?

"Sijui, mwanangu," akasema. "Masjala hatuletewi habari hizo."

Akanyoosha mkono kwenye redio akaongeza sauti. Walikuwa wanasoma bei za mazao. Alisikiliza mpaka mwisho, kwa makini, akingoja waseme kitu kingine.